Pima za Baba

Fomu ina kisanduku kimoja: Umbali.
Kimoja tu, chembamba, cha kumeza tarakimu sita.
Saa tisa na nusu usiku, jangwa la Atakama,
darubini imenyamaza juu ya kichwa changu,
nami na chai ya majani ya koka
tunalitazama doa
ambalo Profesa Zbigniew, huko Torun, kwake kumekucha,
analitaka kabla ya chakula cha mchana.

Doa halina jina, lina namba.
Mstari wake wa oksijeni ulizaliwa ng'ambo ya urujuani,
mahali jicho halifiki;
umenifikia mwekundu, umevutika maradufu
kama fulana iliyofuliwa mno.
Maradufu: basi na anga, tangu siku ile, limetanuka mara mbili.
Hapo hesabu ni nyepesi.

Kisha naulizwa: ni mbali kiasi gani?

Nami nauliza: lini?
Nuru ilipoaga, doa lilikuwa hapo karibu,
miaka ya mwanga bilioni tano na nusu.
Ikatembea. Njia ikawa inarefuka chini ya nyayo zake,
nyuma yake na mbele yake,
hata ikala miaka bilioni nane kasoro kidogo.
Na leo, ukisimamisha kila kitu
(nani atakisimamisha?)
ukatandaza kamba toka hapa hadi kule,
ni bilioni kumi na moja.
Majibu matatu, wala hakuna lililo la uongo.
Kuyageuza parseki ni kazi ya vidole, gawanya kwa tatu na robo na chembe.
Kujua unapima nini, hiyo ndiyo kazi.

Baba yangu, Eleuterio Colque, aliuza kamba Tokonao,
za manyoya ya lama, nyeusi na kahawia,
na aliziuza kwa pima:
mikono wazi, kifua mbele, ncha hadi ncha,
"moja," anavuta, "mbili," anavuta,
na mwisho shubiri ya shukrani.
Hakuna mteja aliyeleta futi ya chuma.
Nilipokuwa darasa la sita
Bi Hortensia akarudisha kamba yake:
"Don Eleuterio, ndoo yangu haifiki tena kwenye maji."
Akailaza mezani kando ya ile ya zamani.
Pima kumi na mbili, na pima kumi na mbili,
na moja fupi karibu pima nzima.
Baba akasema ya zamani ndiyo iliyovutika,
sufu ikilowa huvutika, nani asiyejua.
Akaapa. Akapima tena mbele yetu.
Ndipo nikaliona bega la kushoto:
lilipanda hadi hapo, likagoma,
kama mlango wenye mchanga kwenye bawaba.

Sikusema. Mama naye hakusema.
Jioni alipigilia misumari miwili kwenye boriti ya jikoni,
upana wa mikono ya baba siku alipomwoa,
jinsi alivyoukumbuka,
na tangu hapo kamba zilipimwa msumari kwa msumari.
Mbele ya wateja baba aliendelea kunyoosha mikono. Kwa heshima.

Kwa hiyo usiku kama huu huwa nauliza,
si kwa Profesa, atanicheka:
anga limetanuka, au mkono umefupika?
Jibu la wenye elimu ninalo, nililifanyia mtihani nikafaulu.
Lakini nao wana msumari wao:
nyota fulani zikilipuka, husema, zote huwaka sawa,
na juu ya hilo wametundika mbingu nzima.

Naandika majibu yote matatu.
Kisanduku kinawaka chekundu, kinakataa.
Naacha moja, lile la leo, ambalo hakuna aliyewahi kulitembea.
Mawili nayatia kwenye Maelezo Mengineyo.

Saa kumi na mbili basi la zamu linapiga honi.
Kijana mgeni, fundi umeme, anauliza San Pedro ni mbali?
"Saa moja na robo," anasema dereva Ubaldo.
"Hapana, mbali kiasi gani?"
Ubaldo anamtazama kwenye kioo, anatia gia.
"Kushuka," anasema, "au kupanda?"